Laptopu inaenda kwa fundi na ndani kuna siri za watu. Nianze na nini?

MsikivuWaWatu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, na ikiwezekana wa haraka, maana betri inaisha.

Mimi ni mshauri nasaha. Wanaokuja kwangu wamefiwa, wameachika, wengine wameumizwa na watu waliowaamini. Baada ya kila kikao naandika muhtasari kwenye laptopu yangu. Humo kuna majina, umri wa watoto, na mambo ambayo mtu aliyasema mara moja tu maishani mwake, akayasema mbele yangu. Nimewaahidi kwamba hayatoki.

Tundu la chaji lilianza kulegea zamani. Nilikuwa naukunja waya kidogo inashika. Tangu jana hata niukunje vipi, taa haiwaki. Betri inasoma asilimia 34. Nimempigia fundi, anasema huenda ni tundu lenyewe, huenda ni saketi ya chaji kwenye ubao mama, na kama ni saketi basi pengine ubao wote ubadilishwe. Kisha akasema: "Ukija, niandikie na nenosiri." Hapo ndipo nilipokwama.

Simtuhumu, hajanikosea lolote. Ila siri hizi si zangu, na siwezi kumfungulia mtu mlango ambao wenye nyumba hawajaniruhusu kuufungua. Je, kweli fundi anahitaji nenosiri kwa kazi ya chaji? Nikifuta yale mafaili kabla ya kupeleka, yatakuwa yamefutika kweli? Na kwa hii chaji iliyobaki, nitangulize nini? Ni Windows 11, diski ni SSD (ile isiyozunguka) ya GB 512.

FundiBisibisi

Dada, kabla hujasoma mengine: punguza mwanga wa skrini, zima Bluetooth, funga kivinjari, usifungue kitu chochote kizito. Umeme uliobaki una kazi maalumu.

Kutengeneza kompyuta ndiyo kazi yangu, kwa hiyo la kwanza nakujibu bila kusita: nenosiri halihitajiki. Tundu la chaji, betri, kioo, kibodi, feni, bawaba, vyote hivyo vinapimika bila kugusa Windows yako. Umeme unaoingia napima kwa mita. Kwenye mashine nyingi BIOS yenyewe, ile programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows, inaonyesha hali ya betri na kama adapta imetambuliwa. Nikitaka kuiona inafanya kazi kwa muda, nawasha kwa flashi yangu yenye Linux, mfumo mwingine usiogusa Windows yako, naitazama chaji ikipanda, basi. RAM nayo naipima kwa Memtest86+, inaanza kutoka kwenye flashi vilevile. Dell na HP wameweka vipimo ndani ya mashine, vinaitika kabla Windows haijaanza.

Tunaomba nenosiri kwa mazoea. Mteja akirudi anataka kuona mashine yake imefunguka kama alivyoiacha, nasi tunapenda kuhakikisha kabla hajafika. Nia ni njema mara nyingi, lakini mlango unabaki wazi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipeleka laptopu mara 16 kwa mafundi mbalimbali zikiwa na hitilafu ndogo ya sauti, ambayo kuitatua hakuhitaji kufungua faili la mtu hata moja. Ndani waliweka programu inayorekodi kila kinachofanyika. Mara 6 fundi aliingia kwenye mambo binafsi ya mwenye mashine, na katika 2 kati ya hizo alinakili data akaihamishia kwenye kifaa chake. Wapo waliofuta hata orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni, inavyoonekana ili wasijulikane. Matokeo yalitoka 2022 na yaliniuma, kwa sababu hao ni watu wa kazi yangu. Kuna jambo moja katika utafiti huo ambalo watu hulipita: mara 2 kazi ilifanyika papo hapo mteja akiwepo, na hapo nafasi ya kuchungulia haikuwepo kabisa. Lishike hilo, nitalirudia.

Kuhusu kufuta, usiitumie chaji yako huko. Kwenye diski ya kizamani inayozunguka, ukifuta faili kinachoondoka ni jina lake kwenye orodha. Maandishi yanabaki pale pale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu ya bure kama PhotoRec inayarudisha. SSD ina utaratibu uitwao TRIM unaosafisha nafasi zilizofutwa, ila huwezi kujua umepita lini na umefika wapi. Halafu faili moja la Word halikai mahali pamoja. Lina nakala za muda, lina maneno yake kwenye faharasa ya utafutaji, kuna na ile uliyojitumia kwa barua pepe mwaka juzi ikashuka kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Utafuta moja, zitabaki tatu.

Nenosiri la Windows nalo usilitegemee peke yake. Diski isiyosimbwa, yaani ambayo data yake haijageuzwa kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo, naitoa, naichomeka kwenye kompyuta nyingine, nazisoma folda zako zote na hakuna kitakachoniuliza nenosiri.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `manage-bde -status C:` uone kama diski imesimbwa. Ikiwa imesimbwa, andika `manage-bde -protectors -get C:` na utaona namba ndefu ya tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu sita sita. Huo ndio ufunguo wa urejeshaji. Uandike kwa mkono, kisha uusome tena namba kwa namba dhidi ya skrini. Ukikosea tarakimu moja haifunguki. Ikiwa haijasimbwa, usianzishe sasa hivi. Kusimba GB 512 ni kazi ndefu na betri haitoshi.

Kisha nakili maandishi ya wateja. Maandishi tu. Picha na video ziache, maandishi ya miaka mingi huwa madogo kuliko video moja ya sherehe. Yafunge kwa programu ya bure ya 7-Zip, chagua usimbaji wa AES-256, weka nenosiri refu, na utie alama pale panaposema majina ya faili nayo yasimbwe, maana jina la mteja likisomeka kwenye jina la faili siri imeshatoka nusu. Weka kwenye flashi. Fungua faili moja kutoka humo uhakikishe linasomeka. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu.

Mwisho zima kabisa, usiilaze. Shikilia Shift unapobonyeza kuzima, Windows izime kikamilifu. Niandikie umefikia wapi.

Nukta48

Naongezea kwa sababu umetaja kubadilishiwa ubao mama. Nasimamia kompyuta za ofisi na suala hili linawafika watu wengi ambao hawajui hata kama diski zao zimesimbwa.

Ukiingia kwenye Windows 11 kwa akaunti ya Microsoft, usimbaji hujiwasha wenyewe kwenye mashine nyingi, na tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 mashine zinazoguswa zimeongezeka. Ufunguo unaofungua diski kila unapowasha unatunzwa na TPM, chipu ya usalama iliyo kwenye ubao au ndani ya prosesa. Ubao ukibadilishwa, TPM ni nyingine. Diski itakuja na skrini ya buluu ikidai zile tarakimu 48. Fundi hana, duka halina, na waliotengeneza mashine hawawezi kukusaidia.

Kazini kwetu ilirudi mashine ya mhasibu ikiwa na ubao mpya, skrini ya buluu, na ufunguo ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya mfanyakazi aliyeisajili mashine hiyo kisha akahama. Tulibahatika, akapokea simu. Kwa hiyo andika ufunguo hata kama fundi amesema ni tundu tu.

Jambo la pili: kama utalazimika kuacha nenosiri kwa sababu yoyote, jua unaacha na vilivyo nyuma yake. Kivinjari kilichohifadhi manenosiri, barua pepe iliyo wazi, mazungumzo ya WhatsApp. WhatsApp unaweza kuikata sasa hivi kutoka kwenye simu, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa uondoe laptopu. Akaunti ya Google nayo inakuruhusu kuitoa mashine ukiwa mbali. Hivyo viwili havitumii hata chembe ya betri ya laptopu.

MsikivuWaWatu

Asanteni sana. Nimefuata hatua kwa hatua.

Kumbe imesimbwa! Imeandika "Protection On", na mimi sikumbuki kuiwasha. Tarakimu zote 48 nimeziandika na kuzisoma upya kwa sauti. Maandishi nimeyafunga kwa 7-Zip, nikafungua mafaili mawili kwenye flashi, yanasomeka. Nimezima kwa Shift ikiwa na asilimia 21. WhatsApp nimeikata, barua pepe nimeitoa.

Sasa naomba nielewe. Kama imesimbwa, na nenosiri sitoi, si ninaweza kuipeleka ilivyo, na diski ndani? Nauliza kwa kuwa sijawahi kufungua laptopu, naogopa kuvunja kitu. Na nimwambieje huyo fundi bila kumvunjia heshima?

FundiBisibisi

Umefanya vizuri sana, dada. Hali yako sasa ni tofauti kabisa na ilivyokuwa ulipoandika mara ya kwanza.

Ungekuwa na picha za familia na kazi za shule, ningekwambia ndiyo, ipeleke ilivyo. Diski iliyosimbwa na nenosiri lisilotolewa ni kinga ya kutosha kwa watu wengi. Kwako nasema itoe, kwa sababu mbili.

Moja ni kwamba usimbaji unazuia kusomwa, hauzuii kupotea. Kwenye meza ya fundi diski inaweza kufomatiwa na kijana aliyeelewa vibaya maelezo, inaweza kuchanganywa na ya mteja mwingine, inaweza kuungua pale tunapopima saketi ya chaji yenye hitilafu. Ikiwa mfukoni mwako, hayo yote hayaihusu.

Ya pili ni kwamba kwa mpangilio wa kawaida TPM inatoa ufunguo yenyewe mashine ikiwashwa, hata kabla ya kuandika nenosiri. Mwaka 2024 mtafiti mmoja alionyesha hadharani kwamba kwenye laptopu ambayo TPM yake ni chipu iliyojitenga, ufunguo unaweza kunaswa ukiwa njiani kwa kutumia Raspberry Pi Pico, kibao kidogo cha kielektroniki cha bei ndogo. Fundi wa kawaida hawezi kufanya hivyo na wala hana haja. Lakini wewe umebeba habari ambazo kuna watu wangetafuta sana kuzipata, mume aliyemkimbiza mke kwa mfano. Ukiwa na Windows ya Pro unaweza kuongeza PIN inayoulizwa kabla Windows haijaanza, na hapo TPM haitoi kitu bila wewe. Fikiria hilo mashine ikishapona.

Kuitoa si kazi kubwa. Kwenye laptopu nyingi SSD ni ya aina ya M.2, kibao chembamba chenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80, kimeshikwa na skrubu moja. Unafungua mfuniko wa chini, unachomoa waya wa betri kwanza kabla ya kugusa kitu kingine, unafungua skrubu, kinainuka chenyewe upande mmoja, unakivuta. Lakini usifanye peke yako mara ya kwanza. Mwache fundi aitoe mbele yako. Hapa ndipo narudi kwenye zile mara 2 za Guelph: kazi inayofanyika macho yako yakiwepo haina nafasi ya udadisi.

Angalia kwanza mwongozo wa matengenezo wa modeli yako, upo bure kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone kama SSD inachomoka au imechomelewa kwenye ubao. Ukiona imechomelewa, rudi hapa kabla hujaenda.

Kuhusu maneno, sema ukweli: "Fundi, ninatunza kumbukumbu za watu kwa kazi yangu, kwa hiyo naomba tuitoe SSD hapa hapa kisha nikuachie mashine." Hakuna tusi hapo. Mimi mteja akiniambia hivyo napumua, maana kesho kikivuja kitu, mtu wa kwanza kuulizwa ningekuwa mimi. Siku hiyo namwambia nimeshika chuma tu. Na fundi akikataa katakata, akasema bila nenosiri hagusi tundu la chaji, chukua mashine yako uondoke kwa amani. Jibu lake limekwambia unachohitaji kujua.

Uende na mfuko wa kuzuia umeme tuli, ile ya kijivu inayong'aa ambayo vifaa huja ndani yake. Ukikosa, mwombe yeye, kila fundi anayo mingi. Piga picha ya lebo ya SSD yenye namba yake ya utambulisho ya kiwandani, ujue iliyorudi ndani ndiyo iliyotoka.

JichoLaPicha

Samahani mwenye uzi kuingilia, ila fundi amesema kuhusu diski zilizochomelewa na mimi ndiyo hali yangu. Natumia MacBook yenye chipu ya M1, kioo kimepasuka. Diski haichomoki. Ndani kuna picha za wateja wa harusi ambazo hazijakabidhiwa. Nifanyeje?

FundiBisibisi

Kwako dawa ni kuiacha tupu. Kwenye Mac za chipu za M, na zile za Intel zenye chipu ya T2, hifadhi imefungwa kwa chipu ya mashine hiyohiyo. Maana yake mtu hawezi kuichukua akaisomee kwingine, na pia ubao ukibadilishwa data ndiyo imekwenda, hakuna wa kuirudisha. Kwa hiyo nakala ndiyo kila kitu.

Chomeka skrini ya nje, ukamilishe nakala ya Time Machine, programu ya nakala ya Mac, kwenye diski ya nje uliyoisimba, fungua picha kadhaa kutoka kwenye nakala ukiwa kwenye mashine nyingine kama unaweza. Ukiridhika, tumia ile amri ya kufuta maudhui na mipangilio yote, ipo tangu macOS Monterey ya 2021. Inachukua muda mfupi sana kwa sababu haipiti faili kwa faili. Inaharibu ufunguo, na kilichosimbwa kwa ufunguo huo hakisomeki tena milele. Hii ndiyo njia pekee ya kufuta kwenye SSD ninayoiamini kweli. Zima pia Find My, huduma ya Apple ya kutafuta kifaa kilichopotea, kama fundi atahitaji kubadilisha kipande kinachosajiliwa, vinginevyo mashine itakataa.

Kama huwezi kufuta, washa FileVault, usimbaji wa diski wa Mac, usitoe nenosiri, na uombe kioo kibadilishwe ukisubiri.

Nukta48

Na kwa wale ambao hawawezi kutoa diski wala kufuta, kuna kipimo kimoja kizuri. Kabla ya kupeleka, fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma hali ya diski, uandike namba ya "Data Units Read" au jumla ya vilivyosomwa. SSD za NVMe, aina ya kasi iliyo kwenye laptopu nyingi za sasa, huhesabu zenyewe kiasi kilichosomwa tangu zizaliwe, kila kizio ni baiti 512,000, na fundi hawezi kuirudisha nyuma kwa kufuta historia. Mashine ikirudi linganisha. Kuwashwa mara chache kunaongeza kidogo, na Windows ikijisasisha au ikijikagua virusi inaongeza zaidi. Lakini ukikuta imeruka kwa karibu ukubwa wa data yako yote, una haki ya kuuliza maswali. Andika pia saa za kuwa imewashwa na idadi ya mara ilizowashwa, viko hapo hapo.

MsikivuWaWatu

Nimerudi kuwapa habari. Mwongozo ulionyesha SSD inachomoka. Nilisema maneno yale yale uliyonipa, fundi akanitazama kidogo, akavuta kiti akaniambia nikae. Akafungua mfuniko, akachomoa betri, SSD ikatoka, akaiweka kwenye mfuko wa kijivu na kunikabidhi. Hakuuliza tena habari ya nenosiri. Ilikuwa ni tundu, ubao mzima. Yaani ubao ni mzima, haukubadilishwa. Akapima kwa flashi yake, akanionyesha chaji ikipanda, akairudisha SSD mbele yangu na namba ya lebo ni ileile. Windows imefunguka bila kudai ufunguo.

Nimepumua. Bado mawili: ile flashi ya 7-Zip niifute sasa? Na karatasi ya tarakimu niichane?

FundiBisibisi

Hongera dada, na huyo fundi mshike.

Usifute wala usichane. Flashi ndiyo nakala yako pekee kwa sasa, na kama laptopu ingeanguka ndani ya maji kesho usingekuwa na kitu kingine. Ihuishe kila baada ya muda, ila itoe kwenye mkoba wa laptopu, vikiibwa visiibwe pamoja. Karatasi iweke unapoweka hati zako muhimu, mbali na mashine, bila kuandika juu yake ni ya nini. BIOS ikijisasisha siku moja, au SSD ikihamishiwa mashine nyingine, huenda ukaulizwa zile tarakimu 48 na karatasi hiyo ndiyo itakayokufungulia. Pia ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uone kama ufunguo umehifadhiwa huko. Ukiuona, weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti hiyo leo leo, kwa sababu anayeingia humo anaweza kuusoma kama wewe.